Chumvi Ndani ya Ukuta wa Soko

Kabla halijakatwa vyumba, soko la Dodoma lilikuwa jengo la upepo. Lilikuwa na nguzo nane mbele na nane nyuma, nene kiasi kwamba mtu mmoja hakuweza kukumbatia nguzo mikono ikakutana, na juu ya nguzo za mbele kulikuwa na paji la pembetatu lililopakwa chokaa. Kati ya nguzo na nguzo hapakuwa na kitu. Upepo wa upande wa Makutupora uliingia mbele ukatokea nyuma, ukapita juu ya karanga, uwele, tumbaku, samli na vichwa vyetu, wala haukumpigia mtu hodi.

Wadachi walilijenga mwaka uliofuata kufika kwa reli. Sisi wenyeji tumezoea tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa ambayo mtu mrefu huinama ili aingie. Tulipoona nguzo zinapanda tulidhani ni nyumba ya kusalia, au labda mfalme wao alikuwa njiani kuja kukaa nasi. Tulipoambiwa ni mahali pa kuuzia karanga, mama yangu alicheka hadi akashika kiuno.

"Karanga zenyewe zitaona haya," alisema.

Mimi niliuza chumvi. Si ile nyeupe ya pwani iliyokuja kwa gari la moshi, bali yetu ya kijivu, tunayoitoa mbugani upande wa Bahi wakati wa kiangazi. Unakwangua udongo mweupe wa juu, unautia katika chungu chenye matundu, unaumwagia maji, yanayochuruzika unayachemsha hadi yakauke. Kazi hiyo haina makao. Udongo ukiisha hapa, unahamia pale. Nililelewa kwa miguu, na nadhani ndiyo sababu tangu utoto sikuweza kukaa kitako muda wa kupika mlenda bila kuinuka mara tatu. Hata sokoni nilikuwa nikiuza huku nimesimama. Nilizunguka nguzo yangu, nikaenda kuangalia nani amekuja na samli, nikarudi, nikaenda tena.

Mume wangu alikuwa kinyume changu kabisa. Alikuwa mwashi, mtu wa pwani, aliyekuja na kazi za reli akijenga makalvati ya kupitishia maji chini ya reli na nyumba za stesheni. Reli iliposonga mbele kuelekea Tabora, yeye alibaki Dodoma kwa sababu yangu, na kwa sababu mji mpya haukosi ukuta wa kujenga. Alikuwa na uwezo wa kulitazama tofali moja muda mrefu kuliko mimi ninavyoweza kumtazama mtu. Mama alisema Mungu alitugawia utulivu wa watu wawili, akaupeleka wote upande mmoja.

Asubuhi moja ya kiangazi nilikuwa nimepanga mafungu yangu penye nguzo ya tatu upande wa magharibi, mahali pangu pa siku zote. Nikaona kamba nyeupe ikipita juu ya chumvi yangu. Ilitoka nguzo ya pili, ikanyooka hadi ya tatu, ikakazwa mpaka ikalia. Nikaifuata kwa macho mpaka kwenye mkono ulioishika, na kutoka mkononi mpaka usoni. Alikuwa mume wangu.

"Sogeza chumvi kidogo," alisema. Hakunitazama.

"Niisogeze niipeleke wapi?"

"Kidogo tu. Nipate kuweka alama."

"Alama ya nini?"

Aliyenijibu alikuwa msimamizi wa soko, mzee wa mjini mwenye kanzu na fimbo nyembamba, ambaye baba yake alifika Ugogo na misafara ya zamani. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyebeba habari nzito. Akagonga fimbo sakafuni. Bwana Shauri, yaani Mdachi mkuu wa boma, ameamuru. Soko limefanana na zizi. Vumbi linaingia katika chakula, mbwa wanapita, wauzaji wamelala sakafuni kama mizigo. Kwa hiyo jengo litakatwa maduka kumi na mawili, sita mbele na sita nyuma, na njia katikati. Kila duka liwe na mlango, kila mlango na kufuli. Wauzaji wa chini watahamia ng'ambo ya mfereji.

Ng'ambo ya mfereji hapakuwa na kivuli hata cha kuku.

Karibu nami alikaa mama mmoja wa Miyuji, muuza tumbaku, mjane, mtu mzima mwenye mdomo mkali. Nilimwita mama, naye aliniita mwanangu. Aliitazama kamba, akamtazama mume wangu, akatema mate ya tumbaku pembeni.

"Mwanangu," alisema, "wengine waume zao huwaletea nyama."

Nyumbani sikumsemesha hadi alipomaliza kula. Nilizunguka uani nikihamisha vitu ambavyo havikuhitaji kuhamishwa. Mwishowe nikamwambia, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Ndiyo hiyo namna? Kunipitishia kamba mbele ya watu? Unanijengea ukuta usoni."

Alinawa mikono polepole, kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya kila siku ili kuondoa chokaa. "Nisipojenga mimi atajenga mwingine," alisema. "Naye ataujenga vibaya."

Jibu hilo lilinikera kwa siku nyingi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kuta zilianza kupanda. Kila asubuhi tulikuta soko limepungua. Upepo ulizibwa upande mmoja ukatafuta mwingine, ukaja na kelele ambazo hatukuzizoea, na vumbi likaanza kukaa pembeni badala ya kupita. Tulisukumwa kutoka nguzo hadi nguzo, sisi na mafungu yetu, na mimi ambaye sikuwahi kutulia nikajikuta nakasirika kwa kuhamishwa. Kuhama kwa kupenda na kuhamishwa si kitu kimoja. Ndipo nikaamua: nitakwenda boma kuomba chumba.

Mama wa tumbaku alinisindikiza. "Siendi kwa kuwa naamini," alisema. "Naenda kuona watakavyokukataa."

Tulikaa siku tatu barazani pa boma. Yeye alikaa, mimi nilitembea. Kutoka nguzo ya baraza hadi ngazi, kutoka ngazi hadi nguzo, mpaka askari aliyekuwa mlangoni akashindwa kuvumilia. "Wewe mwanamke, kaa chini. Unanitia kizunguzungu!" Nilikaa. Akigeuka, nainuka.

Siku ya tatu Bwana Shauri alitoka mwenyewe. Alikuwa mwembamba, pua imebabuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa safi lakini cha kukatakata, kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Msimamizi alikuwa naye. Mdachi alimuuliza msimamizi, si mimi:

"Mwanamke huyu anauza nini?"

"Chumvi, bwana," nikajibu kabla ya msimamizi.

Akanitazama. Nikafungua kifungu nilichokuja nacho, nikamnyoshea. Alichukua punje, akaionja kwa ncha ya ulimi, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake sawa.

"Chumvi ni mali safi," alisema. "Haiozi."

Wanawake hawakuwa na haki ya chumba, lakini chumba kimoja kilikuwa hakijapata mtu. Kilikuwa cha mwisho upande wa nyuma, kinachopigwa na jua la magharibi, karibu na mahali walipofungwa punda. Alinipa hicho, kwa jina la mume wangu, kwa masharti matatu ambayo msimamizi aliyarudia kwa kugonga fimbo. Niwe ndani kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Nisitoe mali nje ya kizingiti. Na kuta ziwe nyeupe na safi wakati wote.

Mama wa tumbaku alingoja tufike njiani. Kisha akasema, "Basi mwanangu, sasa umekamatwa."

Nilidhani ni wivu.

Mume wangu aliposikia, alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya kamba. Alikwenda kukimalizia chumba kile kwa mkono wake, bila msaidizi. Lipu aliipiga laini kama ganda la yai. Aliweka rafu mbili za ubao na kulabu ya kuning'iniza mizani. Aliponikabidhi ufunguo niliufunga pembeni mwa nguo yangu, nikahisi uzito wake kila nilipopiga hatua, nikajiona mtu miongoni mwa watu. Kati ya maduka kumi na mawili, langu peke yake lilikuwa na mwanamke ndani.

Fahari hiyo ilidumu siku nane hivi.

Chumba kilikuwa na urefu wa hatua nne na upana wa hatua tatu. Najua, kwa sababu nilizipiga hatua hizo kutwa. Nne, geuka, tatu, geuka. Mbele yangu palikuwa na mlango, na nje ya mlango punda watatu waliokuwa na nafasi kuliko mimi. Sikuona tena nani amekuja na samli. Sikusikia ugomvi wala vicheko vya watu, niliambulia mabaki tu yaliyopitia juu ya kuta. Jua la alasiri likiingia, chumba kilikuwa kama tanuri. Nilifunga mlango nusu, nikafungua, nikapanga chumvi upya, nikaipangua. Miguu iliniwasha kana kwamba siafu wamo ndani ya mifupa.

Na wanunuzi wangu hawakuingia. Hao walikuwa wafugaji na wakulima wa nje ya mji, watu waliozoea kuona bidhaa chini, kuzizunguka, kuzionja, kuziacha, kuzirudia. Chumba chenye mlango na kufuli kilikuwa nyumba ya mtu. Siku moja alikuja mzee mmoja mfugaji, mnunuzi wangu wa miaka, mwenye mkuki na shuka lake la ngozi. Akasimama nje, penye punda.

"Hodi."

"Karibu, baba. Mbukwenyi."

Akaitikia salamu, lakini hakusogea. "Nikaribie wapi? Itoe nje hiyo chumvi, binti yangu, niione juani."

"Siruhusiwi, baba. Ingia wewe."

"Nimeacha mbuzi nje. Nikiingia humo, nikitoka nitawakuta?"

Nilichukua kifungu, nikavuka kizingiti hatua moja. Fimbo ya msimamizi ikagonga sakafu kando yangu, tak, tak. Nikarudi ndani. Mzee alimtazama msimamizi, akanitazama mimi, akasikitika kwa kichwa kama anavyofanya mtu kwenye msiba, akavuka mfereji kwenda kununua chumvi kwa wengine.

Nyumbani mume wangu aliniuliza kila jioni, "Duka linaendaje?"

"Linaendelea," nilisema kila jioni.

Ningesema nini? Nilisimama siku tatu boma kukililia chumba kile. Naye alikipiga lipu kama ganda la yai.

Kisha mvua zikaja. Katika soko la zamani, hata wakati wa masika, upepo uliikausha chumvi. Humo chumbani hapakuwa na upepo. Chumvi yetu hunywa unyevu, hutoka jasho kama mtu mwenye homa. Asubuhi nilikuta mafungu yameloa chini, na maji yake mazito yamejikusanya penye ukuta wa ndani, ule uliopakana na duka la muuza nguo. Nikafuta, nikainua mafungu rafuni, yakachuruzika kutoka rafuni. Baada ya wiki kadhaa ukuta ukaanza kuota unga mweupe kama ukungu wa mkate. Ukiugusa, lipu ilibomoka vidoleni.

Nilimwambia mume wangu. Alikuja adhuhuri, wakati maduka yamefungwa kwa chakula, na ndoo ya chokaa na mwiko wake. Akapiga magoti mbele ya ukuta, akautazama muda mrefu, akapitisha kidole, akakipeleka mdomoni upesi kama mtu anayejifuta midomo. Sikulitilia maanani tendo hilo siku ile.

"Ni unyevu tu," alisema. "Mvua zikiisha utakauka."

Akakwangua, akaziba, akapaka chokaa. Baada ya siku nne unga ukarudi, umepanda juu zaidi. Akaja tena adhuhuri. Tangu hapo alikuja mara kwa mara, wakati hakuna mtu, akakwangua na kuziba bila kusema, na mimi nikitembea nyuma yake, nne, geuka, tatu, geuka, nikitamani amalize ili nitoke nikanyoshe miguu nje kabla kengele haijalia.

Aliyetoboa siri alikuwa jirani yangu, muuza nguo. Unga ulitokea upande wake, ukachafua jora la kitambaa cheusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kulalamika kwa msimamizi kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na msimamizi akaogopa, akapeleka habari boma.

Bwana Shauri alifika asubuhi, na askari wawili. Watu walijaa mlangoni pangu, hadi penye punda. Aliusukuma ukuta wangu kwa ncha ya kifimbo chake, na kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia kikaanguka miguuni pake, kikavunjikavunjika.

"Nani alijenga?"

Mume wangu alikuwa akitengeneza ngazi za upande wa mbele. Aliletwa na mwiko wake mkononi.

"Mchanga mwingi, chokaa kidogo," alisema Mdachi. "Miezi minne tu, na ukuta unaanguka. Chokaa ya serikali iko wapi? Umeiba."

Nilijua mume wangu atajibu nini. Mume wangu aliweza kuvumilia matusi ya kila aina, lakini hakuna aliyewahi kuigusa kazi yake naye akanyamaza. Nilimwona akiutazama ukuta, kisha akanitazama mimi, mara moja tu.

"Sikuiba, bwana," alisema. "Lakini nilichanganya vibaya. Kosa ni langu."

Mtu yule alipima mchanga na chokaa kama mama anavyopima dawa ya mtoto. Ndipo nikakumbuka kidole kilichopelekwa mdomoni.

"Hamsa ishirini," alisema Bwana Shauri, na hapakuwa na mtu mzima wala mtoto Dodoma asiyejua maana yake: viboko ishirini na vitano, uwanjani, mbele ya watu. Askari wakamshika mikono.

Nilivuka kizingiti. Sikuruhusiwa, lakini sikukumbuka.

"Bwana," nilisema, "ukuta hauna kosa. Chumvi ndiyo inayoula. Chumvi yangu."

"Nyamaza," mume wangu alisema kwa sauti ya chini.

"Uonje, bwana. Onja ukuta."

Msimamizi alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji baridi. Niliinama nikaokota kipande cha lipu kilichorukia nje, nikakivunja, nusu nikatia mdomoni mwangu nikaitafuna mbele ya wote, mchanga ukalia menoni. Nusu nyingine nikamnyoshea Mdachi katika kiganja. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani haukuwa ujasiri. Miezi minne ya kuzunguka katika hatua nne kwa tatu ilikuwa imejaa miguuni, ikapata mahali pa kutokea.

Alikichukua kipande. Alikigusa kwa ncha ya ulimi, kama siku ile barazani. Uso wake ulibadilika kidogo tu, karibu na macho.

"Chumvi," alisema.

Nyuma yangu nilimsikia mama wa tumbaku akinong'ona, "Haiozi, lakini inaozesha." Mtu mmoja akacheka, akakohoa kuficha.

Bwana Shauri alifuta kidole kwa kitambaa, akafikiri. Kisha akatoa hukumu kwa kile Kiswahili chake cha kusoma. Mwanamke atoke na chumvi yake kabla ya kengele ya mwisho. Chumvi isiingie tena ndani ya jengo. Fundi aubomoe ukuta, aujenge upya bila malipo. Na kwa kuwa fundi amesema uongo mbele ya serikali, viboko vitano.

Nilidhani nimemwokoa, na kwa kiasi nilimwokoa. Lakini vitano navyo ni viboko. Sikuweza kutazama, wala sikuweza kuondoka. Nilizunguka nyumba ya boma upande wa nyuma, nikasikia kila kimoja, na kati ya kimoja na kingine nilitembea.

Nyumbani alilala kifudifudi. Nilimpaka samli mgongoni, naye akakaza meno hadi nilipomaliza.

"Ulijua ni chumvi," nilisema.

"Nimekulia pwani. Kuta zinazopigwa na mawimbi huota unga huohuo. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungetoka."

"Si ningetoka tu!"

Aligeuza shingo kunitazama. "Nilikuondoa mahali pako mara moja kwa kamba. Ulisimama siku tatu pale boma ukapata chumba. Nikutoe tena?"

Nilikaa chini. Nakumbuka nilikaa kweli, miguu imenyooka mbele yangu.

"Nilisimama siku tatu kukipata," nilimwambia, "na tangu hapo sijapita siku bila kutamani kutoka. Nilikuwa nafia mle ndani. Kila jioni ulipouliza, nilikudanganya."

"Kwa nini?"

"Wewe ndiwe uliyekijenga."

Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kila akicheka mgongo ulimuuma, akaguna, akacheka tena. "Usinichekeshe," aliniomba. Mimi sikuwa nimesema kitu. Nilianza kucheka naye, machozi yakanitoka, na samli ikamwagika mkekani.

Aliubomoa ukuta na kuujenga upya, kwa siku tisa, huku akiinama kwa shida. Nilimpelekea chakula, na nilipofika nilikaa nje, ng'ambo ya mfereji, na mafungu yangu juani. Jua lilikuwa kali, na nilikuwa na mafua ya vumbi, lakini wanunuzi walikuja. Chumba kile alikiomba mama wa tumbaku. Alikwenda boma akiwa peke yake, wala hakungoja siku tatu. Alikaa chini mlangoni pa Bwana Shauri na kuanza kunusa ugoro, akapiga chafya mpaka akaitwa ndani. Tumbaku hupenda chumba kilichofungwa, alisema, na yeye mwenyewe pia.

"Mimi si kama wewe, mwanangu. Nimetembea vya kutosha. Mtu akinipa mlango, naufunga."

Mwisho wa masika ile mto ulifurika upande wa Gulwe, ukachukua kalvati na kipande cha tuta la reli, na waashi wakatafutwa kila mahali. Mume wangu aliulizwa kama anaweza kwenda. Aliniuliza mimi. Kabla hajamaliza swali nilikuwa nimeanza kufunga vyungu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda gari la moshi. Watu wengine walikaa sakafuni na mizigo yao, wakasali au wakalala. Mimi nilisimama njia nzima, nimeshika ubao wa dirisha, nikitazama vichaka vya miiba vikikimbia kwenda tulikotoka, na kila stesheni niliteremka hata kama gari lilisimama kidogo tu, hadi mume wangu akawa ananishika nguo.

Gulwe tuliishi katika kibanda cha kambi ya mafundi. Niliwauzia chumvi abiria madirishani, kwa vifungu vidogo vilivyofungwa kwa majani. Gari likianza kuondoka nilitembea nalo, nikaharakisha, nikakimbia, mkono mmoja ukitoa na mwingine ukipokea. Hiyo ndiyo biashara iliyonifaa kuliko zote nilizofanya maishani. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa pale, wakati wa baridi, na nilirudi relini kabla wanawake wa kambi hawajaniruhusu. Waligomba. Nilimbeba mgongoni, nikatembea naye kando ya magari, na alilala vizuri pale tu nilipokuwa nikienda. Nikisimama, alilia.

Mume wangu alijenga kalvati lenye matao mawili. Nimeambiwa lingali linabeba gari hadi leo ninapoandika haya, ingawa Wadachi wamekwisha kuondoka zamani na wengine wamekuja nyuma yao. Soko nalo lipo, na maduka yake. Sijaingia ndani tena.

Siku kalvati lilipomalizika, abiria mmoja mfanyabiashara alinipa salamu dirishani kutoka kwa mama wa tumbaku. Alisema hajambo, duka linakwenda vizuri, na jirani yake muuza nguo anahamia Tabora. Chumba chake kitakuwa wazi. Je, ningependa kurudi? Angenisemea boma, mradi niuze kitu kingine, hata vyungu.

Filimbi ilikuwa imelia. Nilimpa yule abiria vifungu viwili vya chumvi ampelekee mama, nikaanza kutembea na gari.

"Nimwambieje?" aliuliza, huku akitoa kichwa nje.

"Mwambie umetukuta tunafunga mizigo!" nikamjibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mume wangu alikuwa kibandani, ameketi juu ya tofali, akilitazama lile kalvati kwa mara ya mwisho, na mikeka yote ilikuwa imekunjwa. Kulikuwa na kazi ya ukuta Mpwapwa. Tuliondoka kwa miguu alasiri ileile, yeye na mwiko wake, mimi na chumvi, na mtoto mgongoni akiwa amekwisha kusinzia.